Kuoza kwa Mafunjo na Rutuba ya Maji ya Ziwa

Katika vyama vya msingi vilivyo kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Ghuba ya Mwanza hadi Nungwe na Ghuba ya Emin Pasha, kuna shauri moja ambalo halikosi kuletwa mkutanoni kila mvua za vuli zinapokaribia. Wanachama wakulima hutaka mafunjo yafyekwe na kuchomwa, ili tope jeusi lililo chini yake lifanywe majaruba ya mpunga. Wanachama wavuvi hukataa, wakisema kwamba samaki watakosa pa kuzalia. Mara nyingi shauri huahirishwa, na kabla ya mkutano unaofuata kuitishwa mtu amekwisha kutia moto.

Wakulima wana haki katika jambo moja: tope lile lina rutuba nyingi. Lakini swali ambalo kwa kawaida haliulizwi ni jinsi rutuba hiyo ilivyofika pale, mwendo inaotoka nao, na mahali inapokwenda endapo itatolewa kwa mkupuo mmoja. Muhtasari wa mkutano usiojibu swali hilo hauwezi kuwasaidia wakulima wala wavuvi.

Wachunguzi wa nchi za nje walianza kulishughulikia jambo hili kwenye vinamasi vya maji ya chumvi. Katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia nchini Marekani, Eugene Odum, John Teal na wenzao waliona katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba majani yanayoota katika tope la pwani huliwa na wanyama wachache tu yakiwa mabichi. Sehemu kubwa hufa, huanguka, huoza, na chengachenga zake huchukuliwa na maji ya kupwa. Mwaka 1962 Teal alikadiria kwamba karibu nusu ya mazao ya kinamasi kile huishia katika maji ya nje na kulisha viumbe vya huko. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba si kila kinamasi hutoa kwa kiasi hicho, na kwamba viko vinavyopokea zaidi ya vinavyotoa. Hata hivyo njia yenyewe ilithibitika, nayo ndiyo inayofanya kazi katika mikoko ya Rufiji, ambako majani yaliyooza hulisha kamba. Shinyanga na Geita hazina bahari. Zina mafunjo, na kazi ni ileile.

Shina la mafunjo hufikia urefu wa mita 4 hata 5, nalo huishi kwa miezi tu, pungufu ya mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo mtu atazamapo kinamasi wakati wowote huona mashina machanga, yaliyokomaa na yaliyokauka yakiwa yamesimama pamoja. Ukuaji huo wa haraka unahitaji chakula kingi. Chakula hicho huletwa na mito: udongo ulioporomoka kutoka mashambani, samadi ya ng'ombe waliokunywa njiani, na majivu ya mbuga zilizochomwa. Mito ya Isanga, Magogo-Moame na Simiyu huchukua mizigo ya namna hii kutoka nchi ya pamba hadi ukingo wa kusini wa ziwa. Penye mafunjo maji hupunguza mwendo, udongo hutua, na mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi. John Gaudet, aliyechunguza mafunjo ya Ziwa Naivasha nchini Kenya katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi mmea huu unavyoweka akiba kubwa ya rutuba hiyo mwilini.

Shina linapozeeka, mmea hauachi mali yote ipotee. Sehemu ya naitrojeni na fosforasi hurudishwa kwenye shina nene la chini, lile linalotambaa majini, ili itumiwe na machipukizi mapya. Kwa hiyo shina lililokufa lenyewe kwa uzee ni maskini kuliko shina bichi lililofyekwa. Jambo hili ni dogo kwa kulitaja, lakini ndiyo tofauti ya kwanza kati ya kinamasi kinachokufa kidogo kidogo na kinamasi kilichouawa.

Kuoza huanza bila msaada wa mdudu wala bakteria. Shina kavu likianguka majini, hutokea lile litokealo jani la chai likitiwa maji. Chumvi nyepesi, hasa potasiamu, na sukari zilizosalia hutoka katika siku na majuma ya kwanza. Rangi ya kahawia ya maji yatokayo kinamasini inatokana na hayo, wala si uchafu.

Baada ya hapo bakteria na ukungu hushika kazi, na hapa watu wengi hukosea. Hudhaniwa kwamba kitu kinachooza hutoa mbolea mara moja. Mkulima aliyefukia mabua makavu ya mtama kisha akapanda juu yake siku zilezile anajua kwamba sivyo: mimea yake iligeuka manjano. Mabua, kama mafunjo, yana nyuzi nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria wakitaka kuzila nyuzi hizo hulazimika kuichukua naitrojeni iliyo karibu, na mmea jirani hunyimwa. Ndivyo ilivyo ndani ya maji. Mafunjo yanayoanza kuoza huazima naitrojeni kutoka majini, na huanza kuirudisha baadaye, nyuzi zikiwa zimepungua. Makatibu wa vyama watalielewa jambo hili upesi, maana linafanana na mkopo wa pembejeo unaolipwa baada ya mavuno, isipokuwa bakteria hawahitaji kukumbushwa kulipa.

Chengachenga zilizofunikwa na bakteria huwa chakula bora kuliko mafunjo yenyewe. Mabuu ya mbu wa ziwani, konokono, minyoo na uduvi huzila, ingawa nyuzi hupita tumboni bila kusagika vizuri; wanachokipata hasa ni ule utando wa bakteria. Hao nao huliwa na furu, kambare, kamongo na watoto wa sato. Chenga ambazo hazikuliwa huzama. Ndani ya tope oksijeni huisha katika kina kifupi sana, kuoza hupunguza mwendo, na kile kisichomalizika hugeuka mboji, unene wake ukiongezeka mwaka hadi mwaka. Hilo ndilo tope jeusi linalotamaniwa na wakulima.

Hata ukosefu wa oksijeni una faida yake. Bakteria wa topeni wasio na hewa hutumia chumvi ya naitrojeni mahali pa oksijeni, wakaigeuza kuwa gesi inayorudi angani; kwa njia hiyo kinamasi hupunguza uchafu uletwao na mito. Aidha, samaki wa asili wamezoea hali hiyo. Kamongo huvuta hewa juu ya maji, na furu wa aina nyingi huvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Sangara hawezi. Uchunguzi uliofanywa na Lauren Chapman na wenzake katika Ziwa Nabugabo, Uganda, miaka ya 1990, ulionyesha kwamba samaki wadogo waliokwisha kuangamizwa na sangara katika maji ya wazi walikuwa wangali hai ndani ya vinamasi. Mvuvi asemaye kuwa mafunjo ni kitalu cha samaki hakosei, ila yampasa aongeze kwamba ni ngome yao pia.

Sasa itazamwe hali ya moto na jembe. Moto ukipita, sehemu kubwa ya naitrojeni huondoka na moshi. Fosforasi na potasiamu hubaki katika majivu, na mvua ya kwanza huyasomba majivu hayo yote hadi ghubani kwa siku chache. Rutuba iliyokuwa ikitolewa kwa mwaka mzima, kupitia matumbo ya wadudu na samaki, hufika kwa mara moja mahali pasipo na kitu cha kuipokea isipokuwa mwani.

Upande wa jaruba nao una hesabu yake. Mboji ikikaushwa hupata hewa, na kile kilichohifadhiwa kwa miaka mingi huoza katika misimu michache. Mpunga wa mwaka wa kwanza hustawi kuliko kawaida, na mavuno hayo ndiyo yanayotajwa mikutanoni. Kisha ardhi hushuka kwa kuwa mboji inakwisha, na mavuno hupungua. Katika baadhi ya mabonde ya Kigezi, Uganda, tope la mafunjo lililokaushwa liligeuka kuwa chachu, likawa halifai kwa mazao mengi. Si kila kinamasi kitakuwa hivyo, lakini halmashauri ya chama ingefanya vizuri kumwita bwana shamba apime udongo kabla ya kupiga kura.

Kuhusu mwani, mambo yaliyotokea katika ziwa hili yanajulikana vizuri. Jack Talling alipima maji yake mwaka 1960 na 1961. Robert Hecky na wenzake walipima tena mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kukuta kwamba uzalishaji wa mwani umeongezeka mara mbili. Mwani mwingi hauliwi wote. Hufa, huzama, huoza, na kuoza huko hula oksijeni ya maji ya chini. Hapo ndipo chuma kinapoingia katika habari hii. Penye hewa, chuma cha topeni huwa katika hali ya kutu, na kutu hushika fosforasi kwa nguvu. Oksijeni ikiisha, kutu huyeyuka na fosforasi huachiliwa kurudi majini, ikalisha mwani mwingine. Ziwa likifikia hali hiyo hujirutubisha lenyewe kupita kiasi, na kulirudisha nyuma ni kazi ya miaka mingi.

Wanachama wa Shinyanga wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mwaloni peke yao. Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani huanguka kutoka angani, ikiwa ndani ya vumbi na moshi. Shamba lililoachwa wazi au mbuga iliyochomwa mbali na ziwa hutoa mchango wake. Tena, tangu mwaka 2009 miji ya Shinyanga na Kahama hunywa maji ya ziwa yanayovutwa kutoka Ihelele, Wilaya ya Misungwi. Mwani ukizidi ghubani, gharama ya kuyasafisha maji hupanda. Wale wa nyanda za kusini, ambako Mto Manonga hauelekei ziwani bali hushuka Wembere, Kitangiri na mwisho Eyasi, wanayo mbuga yao inayofurika na kukauka, na samaki wa Kitangiri hulishwa kwa njia hiyohiyo.

Jambo linaloleta ugomvi mkubwa ni vifo vya samaki. Mvua za kwanza zikinyesha kwa nguvu baada ya kiangazi, husukuma maji ya kahawia yasiyo na oksijeni kutoka kinamasini, pamoja na samadi na majani yaliyorundikana. Samaki huelea wakihema, na wengi hufa usiku mmoja. Mara hiyo jirani hushtakiwa kwa sumu, na katika nchi ya dhahabu mshtakiwa wa kwanza ni mchimbaji. Machi 2022 maji ya bonde la chini la Mto Mara, karibu na daraja la Kirumi, yaligeuka meusi yakanuka, na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza oksijeni. Watu wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na mjadala ulifika Bungeni. Lililo hakika ni kwamba mimea inayooza inaweza kuua samaki bila tone la sumu. Lakini isichukuliwe kuwa ni jibu la kila tukio. Dalili za kukosa oksijeni ni samaki kuhema juu ya maji, hasa alfajiri, na kambare na kamongo kubaki hai wakati sato na sangara wanakufa. Ikionekana kuwa hata kamongo wamekufa, pamoja na vyura, yafaa polisi na wataalamu waitwe upesi, na sampuli za maji zichukuliwe siku hiyohiyo. Samaki wa namna hiyo wasiliwe wala wasiuzwe, chanzo kiwe kipi.

Gugumaji linahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa vyama vingi vimejitolea kuliopoa. Mmea huu wa Amerika ya Kusini ulionekana ziwani karibu na mwaka 1989, ukaenea hadi kuziba mialo, kisha ukapungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya mbawakawa wanaoula kuachiwa. Bado upo. Hauna nyuzi nyingi kama mafunjo. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake ni maji, nao huoza upesi sana na kuachia karibu rutuba yote uliyoinyonya. Kwa hiyo kulirundika gugu mchangani, hatua kumi kutoka majini, ni kupoteza nguvu za wanachama. Mvua moja huirudisha rutuba ziwani, na gugu jipya huota kwa chakula cha lile la zamani. Rundo liwe mbali na ukingo, juu ya mstari wa mafuriko, lichanganywe na samadi na majani makavu, lifunikwe. Baada ya miezi michache hufaa kwa bustani.

Lakini katika Geita na Kahama ipo tahadhari ambayo vyama vya mahali pengine havihitaji. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, na mchanga wa marudio huachwa kandokando ya vijito. Zebaki ikifika kinamasini hunaswa topeni, na kwa muda huonekana kama kinamasi kimeokoa ziwa. Hatari iko katika kuoza kwenyewe. Bakteria wa tope lisilo na hewa, wakishiba mimea inayooza, huigeuza zebaki kuwa aina nyingine inayoingia mwilini mwa viumbe kwa urahisi na isiyotoka upesi. Huanzia kwa wadudu, huongezeka kwa samaki wadogo, na huwa nyingi zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Mwishoni humfikia mlaji, na anayeathirika zaidi ni mtoto aliye tumboni. Kinamasi chenye zebaki kikichimbuliwa ili kupata majaruba, tope lililotulia husambazwa. Basi mafunjo na gugumaji yaliyo chini ya mialo ya kuchenjulia dhahabu yasitumiwe kwa mboji ya mboga wala kwa chakula cha ng'ombe, na mahali hapo pasifukuliwe kabla ya kupimwa. (Neno mwalo, kwa bahati mbaya, hutumika kwa pa kushushia samaki na kwa pa kuchenjulia dhahabu, katika muhtasari katibu aandike wazi ni upi.)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Mabishano huanza katika kupima, kwa sababu ukingo wenyewe huhama. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 lilipanda tena hadi kufunika mashamba na nyumba. Maji yakipanda hivyo, mafunjo hung'oka na kuelea kama visiwa. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, na Uganda ikakaa gizani. Chama kinachoweka mipaka mwezi wa Septemba, maji yakiwa chini, huenda kikajikuta kimepima ndani ya ziwa. Ni afadhali kumwita ofisa wa bonde la maji aonyeshe alama ya maji ya juu, na vigingi vipigwe mbele ya wajumbe wa pande zote mbili.

Mafunjo yanaweza kuvunwa bila kuangamizwa. Wafumaji wa mikeka na waezekaji wa nyumba hukata mashina yaliyokomaa na kuliacha lile shina la chini likiwa zima. Kinamasi kilichokatwa hivyo hurudi katika hali yake ndani ya mwaka mmoja, maadamu mahali palepale hapakatwi tena mapema. Kila mzigo unaopandishwa nchi kavu huondoa ghubani kiasi cha rutuba ambacho kingekwenda kuulisha mwani. Chama chenye wafumaji chaweza kuligawa eneo lake katika mafungu, kila fungu likakatwa kwa zamu, na tarehe za zamu zikaandikwa katika daftari lilelile la mahudhurio ya mialo.